Shanga za Kioo cha Taa ya Reli

Levina: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

Consolatha: Nani mwenzangu! Ndivyo mnavyopokea simu huko mjini?

Levina: Eeh! Shangazi! Shikamoo, shangazi.

Consolatha: Marahaba. Hiyo shikamoo imekuja yenyewe au nimeivuta?

Levina: Shangazi bwana! Namba hii siijui, ningejuaje ni wewe? Wa Tura hawajambo?

Consolatha: Hawajambo wote. Mwenye jambo ni wewe. Jirani yangu Bertila karudi juzi na treni.

Levina: Haya. Alipita hapa Tabora, Chemchem, nilimwona.

Consolatha: Ulimwona? Mwenzio anasema hukumwona. Sasa kaa chini nikusimulie habari zako.

Levina: Nimekaa.

Consolatha: Bertila anasema kafika kwenye nyumba ya huyo fundi wako, kapiga hodi mpaka mkono ukamuuma, kimya. Kasikia kitu kinanguruma uani. Kazunguka. Loo! Chupa, Levina. Chupa za bia zimerundikwa mpaka dirishani. Na katikati ya hizo chupa kakaa binti, kavaa miwani ya zambarau, mbele yake moto unatoka kwenye mdomo wa chuma kama ulimi wa joka. Mimi nakuambia alivyosema. Na huyo binti kashika spoki ya baiskeli, anaizungusha motoni, anaizungusha, kama anachoma mshikaki wa nyama isiyoonekana. Bertila kaita, "Levina!" Binti hageuki. Kaita tena. Binti kaguna, "Mmh."

Levina: Si mmh! Nilisema—

Consolatha: Sijamaliza. Anasema hapo ndipo alipogeuza njia. Kama si gongo mnapika, basi ni mambo ya giza. Na kama ni gongo, mwonjaji ni wewe, maana hata macho hukuyainua.

Levina: (anacheka) Jamani, mama Bertila!

Consolatha: Cheka. Mimi jana nimeenda kuchota maji, wamenipisha foleni. Wamenipisha, Levina, kama mfiwa.

Levina: Shangazi, nisikilize. Shikamoo nilitoa. Niliitoa nzima, vizuri kabisa. Ila niliiambia spoki.

Consolatha: Uliiambia spoki.

Levina: Kichwa kilikuwa hakigeuki. Kioo kikishaiva kinakuwa kama asali. Si unajua asali ukiichovya na kijiti? Ukizungusha inakaa, ukiacha kuzungusha—

Consolatha: Inadondoka.

Levina: Inadondoka mapajani. Sasa nidondoshe moto mapajani kwa ajili ya shikamoo?

Consolatha: Wengine tulikuwa tumeinamia sufuria la ugali, mtoto mgongoni, moshi machoni, na shikamoo tukatoa.

Levina: Ugali hauteremki ukakufuata.

Consolatha: Haya, mwanangu, umeshinda. Na zile chupa?

Levina: Si ndiyo kioo chenyewe! Tunaziokota kwenye mabaa, tunaosha, tunavunja. Ya kahawia inatoa shanga za rangi ya chai. Ile nyeupe ya soda inatoa shanga kama matone ya mvua. Watu wananunua.

Consolatha: Nimefurahi. Leo kisimani nitawaambia mwanetu si mlevi, anaokota tu chupa za walevi.

Levina: (anacheka) Waambie. Haya, sasa ni zamu yangu. Shangazi, simu hii ya nani?

Consolatha: Haloo? Haloo? Naona mtandao—

Levina: Mbona mimi nakusikia vizuri?

Consolatha: Ya kuazima. Yangu imeingia maji.

Levina: Umeazima kwa nani?

Consolatha: Kwa mtu.

Levina: Kwa mtu. Sawa. Usikate, shangazi, nina simu ya fundi hapa. Subiri kidogo tu.

Consolatha: Unafanya nini?

Levina: Najifanya nataka kutuma hela kwenye hiyo namba. Kabla haijaenda inaleta jina la mwenyewe.

Consolatha: Levina!

Levina: Inazunguka... bado inazunguka... Eeeeh! Shangazi Consolatha!

Consolatha: Futa.

Levina: Samweli! Imeandikwa kwa herufi kubwa! S, A, M—

Consolatha: Usinisomeshe. Kaileta hapa kuchaji. Mimi si nina sola?

Levina: Mzee Samweli anakaa nyumba za reli. Kule kuna umeme.

Consolatha: Umeme wa kule unakatika.

Levina: Kila siku?

Consolatha: Siku anazotaka kuchaji.

Levina: (anacheka mpaka anakohoa) Siku anazotaka kuchaji! Shangazi, utaniua.

Consolatha: Kufa, uzikwe na chupa zako.

Levina: Tulia, shangazi. Mimi habari nilikuwa nayo. Yule mama wa karanga anayepanda treni hapo Tura, kaniletea furushi wiki iliyopita. Gunia limefungwa kwa waya kama linakwenda Ulaya. Nimefungua, nakuta vipande vya kioo chekundu. Chekundu, shangazi, kinene, ukikiinua juani kinakuwa kama kaa la moto. Ananiambia, "Mzee Samweli, yule mshika bendera mstaafu, kasema hiki ni kioo cha taa ya ishara, zile za zamani zilizong'olewa relini. Kasema mpe binti wa Chemchem, yeye anajua cha kufanya." Nami sikujua cha kufanya. Basi mama wa karanga kakaa kwenye kigoda, kanisimulia yote.

Consolatha: Yote yapi?

Levina: Kwamba Jumapili hii wazee wa Mzee Samweli wanakuja kwako kuchukua jibu la posa. Na kwamba baba yangu kasema dada yake si mtoto, ajibu mwenyewe. Na kwamba wewe umemwambia Mzee Samweli huwezi kuingia nyumba ya mwanamume na kiuno kitupu. Shanga za plastiki za gulioni huvai. Na zako zilikatwa siku ya kuondoa matanga ya marehemu mumeo, mjomba Revocatus. Kwa hiyo zipatikane kwanza shanga za kioo, za kweli, ndipo utoe neno.

Consolatha: Mama wa karanga angeuza karanga.

Levina: Kwani hukusema?

Consolatha: Nilisema. Nilisema nikijua ndiyo basi. Mtu mzima ukimtajia kitu kisichopatikana anaelewa. Anavaa kofia yake, anaaga, anakwenda zake. Huyu kavaa kofia, kaenda kutafuta kioo.

Levina: (taratibu) Hata mimi niliona. Vipande vyote alikuwa amevisugua kingo zisinikate.

Consolatha: Alivisugua?

Levina: Kwa jiwe. Kipande kwa kipande.

Consolatha: Hajaniambia hilo. (mtandao unakwaruza) ...na hizo shanga zenyewe? Zimefika wapi? Jumapili si mbali.

Levina: Unauliza kwa kutaka au kwa kuogopa?

Consolatha: Nauliza kwa kuuliza. Jibu.

Levina: Zimenitoa jasho, shangazi. Mwanzo nilidhani ni zile nilizozoea. Unapaka spoki udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, ili ushanga usigande kwenye chuma. Unaikausha. Unayeyusha kioo, unakivingirisha juu ya spoki, unapata duara. Basi. Nikamwonyesha fundi Zuena. Kauweka kwenye kiganja, kauangalia, kasema, "Huu ni wa kufunga mlango wa kuku. Bibi harusi anavaa ushanga wenye jicho."

Consolatha: Nani kamwambia habari za bibi harusi?

Levina: Mimi.

Consolatha: Wewe!

Levina: Nilisema tu kuna bibi harusi wa Tura. Jina sikutaja. Yeye kauliza, "Ndiyo huyo shangazi anayekutumia karanga na asali?" Nikanyamaza. Ujue kunyamaza kwangu anakusoma kama gazeti.

Consolatha: Mimi nimekwisha. Tura wanajua, Tabora wanajua. Labda Kigoma tu hawajapata.

Levina: Treni ya Jumanne itawapelekea.

Consolatha: Mpumbavu wewe. Jicho gani sasa?

Levina: Si kama zile shanga mlizokuwa mnaokota mkiwa wadogo? Ulinisimulia mwenyewe. Mvua ikinyesha kwenye ile njia ya zamani ya misafara, zinatokeza kwenye matope.

Consolatha: Eeh, zile! Nilikuwa nao mmoja. Mwekundu, una jicho katikati, unaweza kuapa linakuangalia. Mama akanikataza kulala nao.

Levina: Basi ndiyo hayo ninayosomea. Unavuta kioo cha rangi nyingine mpaka kinakuwa kama njiti ya kibiriti. Ushanga uko motoni unazunguka. Mkono wa pili unaleta ile njiti, unagusa, unaachia. Unagusa, unaachia. Kila ulipogusa panabaki kitone. Unasubiri kizame kwenye mwili wa ushanga. Juu yake unaweka kitone kidogo zaidi, kama mboni. Ukiharakisha linakuwa kovu. Ukichelewa, jicho linatiririka, linalia.

Consolatha: Na la kwako lilifanyaje?

Levina: Ushanga wa kwanza niliuwekea mawili, yakatoka na makengeza. Moja linaangalia Kigoma, la pili linaangalia Dodoma.

Consolatha: (anacheka) Niletee huo! Ndio unaonifaa. Nimwone mchumba na nimwone Bertila kwa wakati mmoja.

Levina: Wa pili nikazidisha moto. Kile chekundu hakitaki kuchomwa sana, shangazi. Unakiweka mwisho wa moto, mbali, unakibembeleza. Ukikikalia karibu rangi inakufa, inakuwa kama ini.

Consolatha: Huyo sasa ni Samweli mtupu. Ukimkalia karibu anabadilika rangi. Juzi nimempa kikombe cha chai, vidole vimegusana—

Levina: Eeh?

Consolatha: Hakuna kitu.

Levina: Vidole vimegusana, halafu?

Consolatha: Halafu chai ikamwagika. Endelea na mambo ya kioo.

Levina: Chai ikamwagika! Nani aliimwaga?

Consolatha: Levina, salio ni la watu. Endelea.

Levina: (anacheka) Haya. Nikajifunza kubembeleza. Jicho likakaa katikati, zuri, jeupe juu ya wekundu. Cheupe nilikitoa kwenye kikopo cha krimu, kile cha kioo. Nikauzika ushanga kwenye chungu cha majivu ya moto ili upoe polepole usiku kucha, maana ushanga ukipigwa na baridi ghafla unashtuka unavunjika. Asubuhi nimefukua... pa! Umegawanyika vipande viwili. Jicho limetoka lenyewe, limebaki kwenye majivu linanitazama.

Consolatha: Uliufukua mapema.

Levina: Hapana. Ndiyo maana nilishangaa. Nikatengeneza mwingine, nikaongeza majivu, nikafunika na pumba za mpunga. Asubuhi umepasuka. Mwingine, umepasuka. Siku zote napanga zile maiti dirishani, naziangalia. Fundi hasemi kitu. Anapita, anaangalia, anakunywa kahawa yake. Nikaona kitu kimoja: zote zimepasukia palepale. Ukingoni mwa jicho. Wekundu mzima, weupe mzima, wanapokutana ndipo ufa.

Consolatha: Basi ndiyo hivyo. Vingine havikai pamoja. Umejitahidi, mwanangu. Usijitese tena.

Levina: Mbona umesema haraka hivyo?

Consolatha: Nimesema nini?

Levina: Umesema "usijitese" kama mtu aliyeshusha mzigo.

Consolatha: Wewe mtoto unasikiliza sana. Hata ulipokuwa mdogo, watu wanaongea, wewe umekaa nyuma ya mlango unaangalia miguu yao.

Levina: Miguu haidanganyi. Sasa sikiliza mwisho wake. Nikamwuliza fundi. Akaniambia, kila kioo kinanywea kikipoa, ila si kwa kipimo kimoja. Kimoja kinajikunja sana, kingine kidogo, basi wanavutana humo ndani mpaka mmoja anakatika. Si kosa la moto wala la mkono. Ila kuna namna ya kuwajaribu kabla hujawaoza.

Consolatha: Kuwaoza!

Levina: Ni neno lake, si langu. Unachukua kipande cha huyu na kipande cha yule, unawayeyusha pamoja, unavuta mpaka wanakuwa unywele mmoja mrefu, nusu huyu nusu yule. Unauacha upoe. Ukijipinda kama mkia wa nguruwe, hawapatani. Ukibaki umenyooka, waweke pamoja, hawatakusumbua.

Consolatha: Na ulijipinda?

Levina: Wa kikopo cha krimu ulijipinda mpaka ukawa pete. Nikajaribu chupa ya soda, ukajipinda. Chupa ya bia, ukajipinda. Sahani ya kioo iliyovunjika, ndiyo kabisa, ulikatika kabla haujapoa. Nikabaki sina kioo kingine cha kujaribu. Nikakaa. Nikalivuta lile gunia la Mzee Samweli nilikunje. Likatoa mlio. Kumbe chini kulikuwa na kipande cha kijani nilichokisahau. Siku ya kwanza nilikitupa humo, nikidhani kimeingia kwa bahati mbaya.

Consolatha: Kijani cha nini?

Levina: Cha taa hiyohiyo, shangazi! Taa ya ishara si ina macho mawili? Jekundu la kusimamisha treni na kijani la kuipitisha. Vimetoka kiwanda kimoja, vimekaa kwenye mlingoti mmoja, jua lao moja, mvua yao moja. Nikavuta unywele. Nikauweka mezani. Nikaenda kuosha vyombo ili nisiuangalie.

Consolatha: Halafu?

Levina: Nimerudi, umenyooka kama reli.

Consolatha: Kwa hiyo...

Levina: Kwa hiyo jana jioni nimetengeneza ushanga mwekundu una jicho la kijani, na ndani ya kijani mboni nyekundu. Nimeuzika. Leo asubuhi nimefukua. Nimeuosha, nimeukwangua udongo wa ndani, nimeugonga na kucha. Ni mzima, shangazi. Uko hapa kiganjani.

(kuku wanasikika upande wa pili)

Levina: Shangazi?

Consolatha: Nipo.

Levina: Hufurahi?

Consolatha: Nafurahi. (anasafisha koo) Sasa mimi nivae kiunoni taa za reli? Moja inasema simama, moja inasema pita?

Levina: (anacheka) Hapo ndipo fundi Zuena kacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Kasema, "Mzee wa watu atafuata ipi?"

Consolatha: Alikuwa mshika bendera maisha yake yote. Atazisoma mwenyewe.

Levina: Shangazi!

Consolatha: Ni wewe umenianza. (wanacheka wote, kicheko cha Consolatha kinaisha kwanza) Levina.

Levina: Naam.

Consolatha: Nimezoea kulala katikati ya kitanda.

Levina: Najua.

Consolatha: Hujui wewe. Tangu mjomba wako amezikwa nimelala katikati. Mwanzo nililala pembeni, upande wangu, kama vile anarudi. Siku moja nikajikuta katikati. Nikalia, halafu nikazoea. Sasa nimezoea hata ukimya wa asubuhi. Naamka, naweka chai, hakuna wa kuniuliza kiko wapi kitu gani. Na huyu Samweli anakoroma. Nimemsikia pale kwenye benchi la stesheni, anasinzia mchana anakoroma, je usiku?

Levina: Ulikuwa unafanya nini karibu na benchi?

Consolatha: Nilikuwa napita.

Levina: Mpaka ukamsikia anakoroma.

Consolatha: Nilipita polepole.

Levina: (anacheka kidogo) Mama yangu wewe. Unaogopa.

Consolatha: Naogopa. Basi, umesikia, umefurahi? Mtu mzima anaogopa. Na hata nisingeogopa, shanga hujivalishi mwenyewe. Wewe hujui hayo, hujafika huko. Anakuvalisha shangazi yako, anakufungia fundo kwa nyuma usipoliona. Ndivyo nilivyovalishwa mimi. Ndivyo nitakavyokuvalisha wewe. Sasa shangazi zangu wako makaburini wote. Ukoo mzima shangazi aliyebaki ni mimi. Nani atanifungia? Bertila?

Levina: Bertila atafunga halafu atoke akawahesabie watu kisimani.

Consolatha: Umeona.

Levina: Mimi nitakufungia.

Consolatha: Wewe? Mtoto hujaolewa!

Levina: Nitafumba macho.

Consolatha: Fundo la macho yaliyofumbwa? Zitamwagika kanisani.

Levina: Shangazi, mimi hizo shanga nazizaa moja moja motoni. Nimezizika, nimezifukua. Nani ana haki ya kuzifunga kuliko mimi? Siku hiyo moja tu mimi ndiye shangazi, wewe ndiye mwali. Nikiingia unanipa shikamoo.

Consolatha: Nikupe wewe shikamoo?

Levina: Mara moja tu.

Consolatha: Nitaguna. "Mmh."

Levina: (anacheka) Na nitakufunda. Tunafunga mlango, nakaa kwenye kigoda, wewe kwenye mkeka.

Consolatha: Utanifunda nini wewe, ambaye hata mchumba huna?

Levina: Kulala pembeni ya kitanda.

(Consolatha anacheka, kicheko cha kweli, mtandao unakikatakata)

Consolatha: Mungu akusamehe. Mungu akusamehe, Levina. Machozi yananitoka.

Levina: Ya kicheko?

Consolatha: Ya vyote. Ngoja nipanguse... Aa-aa. Yule pale anakuja.

Levina: Nani?

Consolatha: Naiona baiskeli yake. Kafuata simu. Nitampa hapa dirishani, aende.

Levina: Imejaa chaji?

Consolatha: Ilijaa tangu asubuhi.

Levina: Shangazi, usikate! Kuna kitu kimoja sijakwambia, na ndiyo kazi yote iliyobaki. Nina kioo cha kutosha, mkono umeshakaa, fundi kasema nitumie moto wake mpaka Jumamosi. Ila kipimo sina.

Consolatha: Kipimo cha nini? Sema upesi, anaegesha.

Levina: Cha kiuno chako. Shanga za kubahatisha sitengenezi. Chukua uzi, zungusha kiunoni, ufunge fundo pale unapokutana. Usinitajie kwa simu, nataka uzi wenyewe. Mpe mama wa karanga, kesho anapanda treni.

Consolatha: Levina—

Levina: Uzi ukija, nitajua, naanza usiku huohuo. Usipokuja nitajua pia. Sitakuuliza kwa nini, na ushanga huu mmoja nitauvaa mimi shingoni, hakuna atakayesikia. Hata mama Bertila.

(sauti ya mwanamume kwa mbali: hodi hapa)

Levina: Nimemsikia. Shangazi, nijibu kabla hajafika. Utanitumia uzi?

(hodi ya pili)

Levina: Shangazi? Nakusikia unahema. Uzi?

Consolatha: (si kwenye simu, kwa sauti ya kuita) Mzee Samweli! Hapo dirishani usisimame. Pita mlangoni, uingie, chai iko—

(simu inakatika)